Sala Inayoshika Mti Wenye Panda

Mwaka 2006 mnyauko wa migomba, ambao wengi mkoani Kagera waliuita unyanjano, uligunduliwa wilayani Muleba. Kwa watu wa Ijumbi na kata jirani, ambao kibanja cha migomba na kahawa ndicho chakula, urithi na heshima ya nyumba, hilo lilikuwa pigo la moyoni. Dawa ya kuutibu haikuwepo, wala leo haipo. Kinga yake ni kazi ya mikono: kuvunja ua dume kwa mti wenye panda mara chane ya mwisho inapotoka, maana wadudu hubeba bakteria kutoka ua hadi ua, kuondoa shina lililougua, kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuligusa shina jingine. Akizembea mmoja, jirani naye yuko hatarini. Hapo ndipo swali la zamani la Mkristo linapopata uzito: wakati wa shida apige magoti, au aende kibanjani? Hoja yangu ni kwamba kuchagua moja na kuliacha la pili ni kuyapoteza yote mawili, kwa sababu sala huisafisha kazi, na kazi huithibitisha sala.

Wanaotetea utulivu wa sala hukimbilia kisa cha Martha na Maria katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, na mara nyingi akina mama waliochoka jikoni ndio wanaochapwa nacho. Lakini mwinjili amekiweka kisa hicho mara tu baada ya mfano wa Msamaria mwema, mtu aliyefunga majeraha ya mgeni, akambeba na kumlipia gharama. Asingesifu mikono ya Msamaria kisha aidharau ya Martha. Alichoonywa Martha ni wasiwasi uliomtawala hata akaanza kumshtaki dada yake mbele ya mgeni. Katika Marko sura ya kwanza, Yesu mwenyewe anaponya wagonjwa jioni, anaamka kabla ya mapambazuko kwenda kusali peke yake, kisha anaelekea miji mingine. Sala yake ilimrudisha kwa watu.

Kagera ina ushahidi wake. Askofu Burchard Huwiler alipoanzisha shirika la masista wazalendo wa Bukoba, shirika hilo liliwekwa chini ya jina la Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Huyo aliingia monasteri ya Wakarmeli huko Lisieux, Ufaransa, akiwa na miaka 15, akafia humo mwaka 1897 akiwa na miaka 24 bila kukanyaga nchi ya misheni. Hata hivyo, mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza msimamizi wa misheni. Masista wanaofundisha watoto na kuhudumia wagonjwa wanabeba, basi, jina la mtawa aliyeishi ndani ya kuta. Kwa upande wa Walutheri, Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho, ule uliochipuka Gahini, Rwanda, ukavuka mipaka hadi Bukoba. Katika uamsho huo, aliyetubu alitarajiwa pia kurudisha alichoiba. Machozi yalipimwa kwa deni lililolipwa.

Wapo watakaosema kwamba kazi yenyewe ni sala, hivyo mchapakazi hahitaji kukaa kimya. Kuna ukweli ndani yake, kwani jasho linalotolewa kwa upendo ni sadaka. Lakini upendo huo hauji wenyewe. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, nyumba nyingi zimelea yatima miaka nenda rudi. Mlezi asiye na mahali pa kuutua mzigo huanza kuhesabu: nani alikula nini, nani hakushukuru. Mkono unaendelea kutoa huku moyo umefunga mlango. Wengine watasema sala itangulie, mengine Mungu atayatimiza. Itangulie, naam. Ila Yakobo katika waraka wake anamkemea vikali anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe, bila kumpa chakula. Mkesha unaomwacha mgonjwa nyumbani bila maji haujamfikia Mungu aliyejificha ndani ya mgonjwa huyo.

Hakuna anayedai tugawe siku kwa saa sawasawa. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kusali kama mtawa, wala hatakiwi. Anachoweza ni dakika chache za kimya kabla ya kuwasha moto, akiwataja mbele za Mungu wale atakaowahudumia siku hiyo; na jioni, kujiuliza ni nani aliyempita. Nawe msomaji, Jumapili ukitoka kanisani, usiishie kumwombea mjane ambaye migomba yake haina wa kuihudumia. Chukua mti wenye panda, uende kibanjani kwake.