«Annuler» haiue dosye yako

Kila siku, mu ba sekretaria ya mu komini Lubumbashi, ba mama banaikala pembeni ya kijana wa ordinatere, bakimusomea karatasi za bwana: matrikile, tarehe ya kuingia ku mugodi, majina ya batoto. Siku moja niliona dosye ya saa mbili ikipotea. Kijana alimaliza, akafunga. Ekra ikauliza: «Voulez-vous enregistrer les modifications?» Chini, butoni tatu: «Oui», «Non», «Annuler».

Mama akaona ile ya mwisho, akashituka: «Mutoto, usifinye pale, utaua dosye yangu!» Kijana, kwa haraka, akafinya «Non». Yote ikaenda.

Butoni ile mama aliogopa njo ingebaokoa. Pale, «Annuler» inaambia mashini: acha, usifunge, unirudishe ku kazi yangu. Lakini mama hakuwa mujinga. Mu Kifaransa, kuannuler kontra ni kuivunja. Tena ku menyu ya Word kuko «Annuler» ingine, ile ya Ctrl na Z, yenye kufuta jambo la mwisho ulifanya. Kazi mbili, jina moja! Programu za Kiswahili zinatenganisha: «Ghairi» na «Tendua». Ni vizuri, hata kama mu komini Kenya sijasikia mutu anasema «ghairi».

Batengenezaji ba programu beko na sheria zao. Apple iliandika zake mu kitabu cha 1987: mutu akikosea, mashini imusamehe, aweze kurudi nyuma. Sheria ingine inasema butoni itaje kazi yake: «Enregistrer», «Ne pas enregistrer». Bloc-notes ya Windows inafanya hivyo tangu Vista. Lakini programu nyingi za zamani zingali na «Oui» na «Non», na haraka haisomake swali.

Kwa hiyo, mama, ukiikala pale, omba kijana afinye Ctrl na S tangu mustari wa kwanza, dosye ipate jina, kisha arudilie kila ukurasa. Ekra ikiuliza na hamuelewi, afinye «Annuler», ao «Échap», ile ya juu kushoto ku klavye. Dosye itabaki wazi, mutasoma swali polepole. Na usilipe mbele ya kuona karatasi imetoka.