Kalamu ya rangi na jeraha lisiloonekana



Yapo majeraha yanayofungwa kwa bendeji, na yapo yasiyoonekana kwa macho. Tunayakumbuka haya tunapoitaja Kabanga, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa nchi yetu, hususan kuanzia 2008, shule ya Kabanga iliwapokea watoto waliokimbizwa mapanga ya walioamini uongo wa waganga. Ukuta ulivilinda viungo vyao. Lakini mtoto aliyetenganishwa na mama yake kwa hofu ya kuuawa, moyo wake ataulinda nani?

Mara nyingi mtoto wa namna hiyo hana maneno ya kueleza lililompata. Ndipo inapofaa tiba kwa njia ya sanaa: mgonjwa huchora, hufinyanga au huimba, na mtaalamu humsaidia kulitazama lililotoka moyoni. Jina la tiba hii lilianza kutumiwa mwaka 1942 na mchoraji Mwingereza Adrian Hill, aliyeona faida ya kuchora alipokuwa akiuguzwa kifua kikuu. Hata hivyo, jambo lenyewe si geni katika umma wetu. Hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili huko Edirne, Uturuki, iliyokamilika 1488, iliwatibu wagonjwa wa akili kwa muziki na sauti ya maji. Na hapa kwetu, kisiwani Ukerewe, watu wenye ualbino waliimba juu ya upweke wao, na nyimbo zao zikatolewa katika albamu mwaka 2017.

Wapo wazazi watakaouliza: je, kuchora si haramu? Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu picha za viumbe vyenye roho. Lakini Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mchoraji aliyemwendea achore miti na visivyo na roho, na Bi. Aisha (R.A.) alicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), naye hakumkataza. Basi anayejihadhari ana uwanja mpana: vilima vya Buha, migomba, mvua, nyumba aliyoiacha, na njia ya kurudi kwao.

Nyumbani tufanyeje? Tumpe mtoto karatasi na penseli za rangi, tukae naye baada ya Alasiri. Tusimsahihishe wala tusimsifu kwa uzuri wa mchoro, kwani huu si mtihani. Tusikimbilie kuifasiri picha. Tumwombe aieleze mwenyewe, na akinyamaza tumwache. Alichotuonyesha ni amana, si cha kuwaonyesha majirani. Na iwapo jinamizi, kukojoa kitandani au ukimya vinaendelea kwa majuma, tumpeleke hospitali, kwani sanaa haichukui nafasi ya daktari.

Tukumbuke pia kwamba jeraha la watoto hawa lilitoka kwetu, katika jamii. Qur'ani, katika Suratir-Rum aya ya 22, imezihesabu tofauti za rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Allah (S.W.), vipi basi tuifanye rangi ya mtoto kuwa sababu ya kumficha, au ya kuacha kumtembelea? Mtoto anaweza kuchora nyumba yao kila siku, lakini dawa ya picha hiyo ni mzazi atakayekuja kumshika mkono.

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaorejea. Amin.