Vinara wa Utafiti wa Bure: Nani Mkongwe, Nani Mkubwa, Nani Ana Mbio

Oktoba 1961 chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, jirani kabisa na Kariakoo, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Leo mwanafunzi wa DIT au CBE akisimama mtaa huohuo na bando kwenye simu anafikia makala za kitaalamu zaidi ya milioni 10, na hakuna anayemdai ada ya kusoma. Kwenye majarida mengi ya kulipia, makala moja tu huuzwa dola 30 hadi 40. Hiyo ni zaidi ya shilingi 70,000! Hifadhi huria za mtandaoni ndizo zilizovunja bei hiyo, nazo zina rekodi za kutisha.

1. Mkongwe: arXiv, 1991

Mwanafizikia Paul Ginsparg aliiwasha hifadhi hii tarehe 14 Agosti 1991 huko Los Alamos, Marekani. Mwaka huo Tanzania Bara haikuwa na hata kituo kimoja cha televisheni; ITV ilikuja 1994. Ginsparg alitegemea makala 100 hivi kwa mwaka. Nusu mwaka ya kwanza tu zilifika 400. Mwanzoni mwa 2022 hesabu ikavuka milioni 2.

Tuipime. Kila makala tuipe kurasa 20, tuchape pande mbili: karatasi 10, unene wa milimita 1. Milioni 2 zikipangwa juu kwa juu zinafika mita 2,000. Kina cha juu kabisa cha Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani, ni mita 1,470. Lisimamishe rundo hilo hapo kwenye kina chake kikubwa, na bado mita 530 za karatasi zitachomoza juu ya maji.

2. Mkubwa: PubMed Central

Ilifunguliwa mwaka 2000 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ina makala kamili zaidi ya milioni 10 za tiba na sayansi ya viumbe, malaria na kifua kikuu zikiwemo kwa maelfu. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728. Gawa makala hizo mlango kwa mlango kuanzia Mbagala hadi Bunju, na kila mmoja, hata mtoto aliyezaliwa jana Hospitali ya Amana, anakaribia kupata 2. Kama kila makala ingepewa kiti, Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 ungejaa pomoni mara 166.

3. Mwenye mbio: arXiv tena

Jarida la kawaida hukaa na makala kwa miezi, wakati mwingine mwaka. Hapa hesabu ni ya saa. Jumatatu hadi Alhamisi, dirisha la kupokea makala hufungwa saa 3 usiku kwa saa za Dar, na makala zilizopita mikononi mwa wasimamizi bila dosari hutangazwa saa 9 usiku (majira ya baridi ya Marekani, sogeza saa moja mbele). Saa 6 tu! Ugunduzi umeshatoka kabla mbogamboga hazijapangwa mezani Kariakoo. Ni kweli kwamba wasimamizi hao huangalia kama kazi inafaa kupokelewa, hawaihakiki kwa kina kama wahakiki wa jarida, na msomaji makini hulikumbuka hilo. Lakini arXiv ina mwendo mkali: Oktoba 2024 zilipokelewa makala zaidi ya 24,000, wastani wa 32 kila saa, usiku na mchana.

4. Rekodi ya 2015: waandishi 5,154

Mwaka 2015 timu mbili za maabara ya fizikia ya CERN ziliunganisha vipimo vyao vya uzito wa chembe ya Higgs. Makala yao, inayosomeka bure, ina kurasa 33, na 24 kati yake ni majina ya waandishi na taasisi zao. Wapandishe waandishi wote mwendokasi kutoka Gerezani, watu 150 kila basi, na utahitaji mabasi 35. Makala moja!

5. Tuzo kubwa iliyokataliwa

Novemba 2002 Mrusi Grigori Perelman alipakia arXiv kurasa 39, akaongeza makala mbili mwaka uliofuata. Humo mlikuwa na jibu la swali la hisabati la Henri Poincaré la mwaka 1904. Hakuzipeleka kwenye jarida lolote. Mwaka 2010 alipewa dola milioni 1, akazikataa. Jibu lenyewe lingali palepale, bure, kwa yeyote anayeweza kulifuata.

6. Jina la Mtanzania lililofika mbali: Mpemba

Hapa natembea kifua mbele. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliweka maziwa yenye sukari kwenye friji yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alichekwa darasani kwa kuuliza sababu, kisha akamuuliza swali hilohilo Dk. Denis Osborne wa chuo cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja.

Andika "Mpemba" ndani ya arXiv leo. Utakutana na wanafizikia wa mabara kadhaa wakibishana juu ya jina hilo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza waliandika, katika jarida huria, kwamba kwa maji hawakuona ushahidi wa maana. Mwaka 2024 watafiti wengine wakatangaza kuona athari ya Mpemba kwenye chembe za kikwantumu. Ubishi haujaisha, na kila upande unasomeka bila malipo mahali palepale alipochekwa, mradi kuna mtandao.

7. Taji letu la ukongwe

AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998, ina majarida zaidi ya 500, ingawa si yote yaliyo bure. Kwa lugha yetu, Swahili Forum lilizaliwa Ujerumani mwaka 1994 na sasa husomwa bure mtandaoni. Mbele yao wote kwa umri limekaa jarida liitwalo Kiswahili. Mizizi yake ni taarifa za Kamati ya Lugha iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1930. Kamati ikahamia Nairobi, Makerere na Mombasa, ikarudi nyumbani na kuingia chuo kikuu, Mlimani, mwaka 1964. Sasa jarida hilo linapakuliwa bure kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa mizizi, limeitangulia arXiv kwa miaka 61!