Jinsi ya kukabili woga katika ligi ya snuka
MCHEZAJI anayeshiriki ligi ya snuka kwa mara ya kwanza huweza kutetemeka mkono hata mbele ya mpira ambao mazoezini huutumbukiza bila taabu. Mabingwa nao hawajasalimika. Mnamo 1985 jijini Sheffield, Uingereza, Steve Davis, aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu, alikosa mpira mweusi wa mwisho katika fainali. Dennis Taylor akautumbukiza na kushinda 18-17.

Woga hukaza vidole, na fimbo iliyobanwa huenda upande. Dawa ni kufuata utaratibu ule ule kila zamu: kusimama nyuma ya mpira, kuchagua shabaha, kuvuta pumzi taratibu, kuinama, kisha kupiga bila pupa. Akikosa, arudi kitini bila kujilaumu, kwani mpinzani naye ana woga wake.