Je, Wajua? Usaliti wa Ndoa, Mume na Mke

Je, wajua kwamba Kongo iliwahi kuwa na uzinzi wa aina mbili? Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987 ilimwadhibu mke kwa kulala tu na mwanamume mwingine. Mume alipatikana na hatia pale tu uzinzi wake ulimtukana mkewe vibaya mno. Sheria ya 15 Julai 2016 ndiyo iliyowaweka wote wawili mahali pamoja.

Uganda nayo? Mume aliyetembea na mwanamke asiye na mume hakuwa na kosa. Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha sheria kilichosema hivyo mwaka 2007.

Je, wajua kinachomuuma nani zaidi? Mwaka 1992 mwanasaikolojia David Buss na wenzake waliwauliza wanafunzi 202 nchini Marekani. Asilimia 60 ya wanaume walisema wangeumia zaidi mwenzao akilala na mwingine. Asilimia 83 ya wanawake, mwenzao akimpenda mwingine. Lakini si maumbile tu. Utafiti wa jamii 11 uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba pale ambapo baba hujitoa zaidi kwa watoto, wivu wa wenzi huwa mkali zaidi. Mimi naona mantiki ya jibu la wanawake hata hapa Baraka, Kivu Kusini: kwa mama ambaye bwana yake yuko ziwani au kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, moyo ukihama, unga na karo vinahama nao.

Je, wajua kwamba hapa kwetu wako wanawake walioitwa wasaliti bila kumsaliti mtu? Tarehe 1 Januari 2011 askari walivamia mji wa Fizi na kubaka wanawake. Mahakama ya kijeshi ilikuja kuketi Baraka, na tarehe 21 Februari ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20. Wanawake walisimama mbele ya majaji wakasema yaliyowapata. Ujasiri ule ulistahili kupokelewa nyumbani kwa heshima. Badala yake, kote Kivu Kusini, wahudumu wa afya wamewapokea kwa miaka mingi wanawake waliofukuzwa na waume zao baada ya kubakwa, kana kwamba walikwenda kwa hiari. Huo ni uonevu, na ukoo unaounyamazia unashiriki.

Uzinzi unahitaji ridhaa. Aliyeshikiwa bunduki hakuridhia. Sheria ya Kongo ya 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inamtaja mhalifu mmoja tu katika ubakaji: aliyebaka.

Baba unayesoma haya, yakimpata bibi yako, usiite kikao cha ukoo kwanza. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72.