Dereva Asilale na Kufuli Mkononi

Katika zoezi la tafsiri la muhula huu, wanafunzi wa mwaka wa tatu walipewa ukurasa mmoja kuhusu programu zinazoendesha vifaa vya mtandao katika mfumo wa Linux. Wengi walipofika kwenye sentensi moja ya Kiingereza waliandika: "Dereva asilale akiwa ameshika kufuli." Kisarufi haina kasoro. Msahihishaji wa kwanza aliipa alama zote. Wa pili aliikata yote, akaandika pembeni kwamba hayo ni maneno ya kubandikwa ndani ya basi. Mabishano yalipokolea katika chumba cha walimu ilidhihirika kwamba hakuna kati yetu aliyejua kinachofungwa ni nini. Niliombwa nieleze.

Tuanze na huyo dereva. Kadi ya mtandao ni kifaa kinachounganisha kompyuta (au tarakilishi, kama wasemavyo wenzetu wa Kenya) na waya wa mawasiliano. Kadi ni za aina nyingi, na kila aina huhitaji programu inayojua lugha yake. Baadhi ya wafasiri huiita kiendeshi, nami naafikiana nao: upatanisho wa ki-vi unamwondoa mtu kwenye usukani.

Kiendeshi na kadi hushirikiana kwa jedwali lililomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Lina nafasi, tuseme 256, zilizopangwa kama duara: baada ya ya mwisho unarudi kwenye ya kwanza. Kiendeshi huangalia namba ya nafasi iliyo wazi, huandika humo mahali ilipo pakiti ya data, kisha husogeza namba mbele. Kadi hufuata nyuma, hutuma pakiti na kuweka alama kwamba kazi imekwisha.

Sasa kompyuta za leo zina vichakataji kadhaa vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja. Cha kwanza kinasoma namba, kinakuta 7. Kabla hakijaisogeza, cha pili nacho kinasoma, kinakuta 7 vilevile. Vyote viwili vinaandika katika nafasi ya saba na pakiti moja inafutika. Ni sawa na walimu wawili wanaojaza daftari moja la maksi, kila mmoja akiamini mstari ni mtupu. Ubaya ni kwamba kosa hili huweza kutokea mara moja katika mamilioni, kwa hiyo majaribio ya mchana mmoja hayalioni.

Dawa yake ni kufuli. Lakini hapa ndipo neno linapotudanganya, maana kufuli hili halizuii chochote. Ni namba tu katika kumbukumbu, na kila sehemu ya programu imekubali kuiangalia kabla ya kugusa jedwali. Sehemu isiyoiangalia itapita bila kuzuiwa na mtu. (Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyeweka misingi ya mbinu hizi miaka ya 1960, aliazima jina semafori kutoka kwenye nguzo za ishara za reli. Treni nayo inaweza kuipita nguzo. Kinachoisimamisha ni utii wa anayeiendesha.)

Na kulala je? Anayekuta kufuli limeshikwa ana njia mbili. Anaweza kulala, yaani kuachia kichakataji kifanye kazi nyingine hadi aamshwe. Au anaweza kuzunguka papo hapo akiuliza bila kukoma, "limeachwa? limeachwa?" Kufuli la kuzunguka hufaa kwa kazi ya kitambo kifupi sana, na kutuma pakiti ni kazi ya namna hiyo. Basi aliyelishika akilala, wenzake wanazunguka bure. Na ikiwa kazi iliyopewa kichakataji wakati amelala inahitaji kufuli hilohilo, na kichakataji ni hicho kimoja, hakuna atakayeendelea tena.

Hata asiyelala anaweza kunaswa. Kadi ikimaliza kutuma hupiga hodi kwa katizo: kichakataji huacha kilichokuwa kikifanya na kuihudumia kwanza. Tuseme kilikuwa kimeshika kufuli, na huduma ya katizo inalitaka kufuli lilelile. Kitazunguka milele kikijingoja chenyewe. Kwa hiyo kufuli linalotumiwa pia na huduma ya katizo hushikwa baada ya kuzuia makatizo katika kichakataji hicho.

Mtego ninaouona mgumu kuliko yote ni huu. Jedwali likijaa, kiendeshi husimamisha foleni ya pakiti. Kadi ikifungua nafasi, foleni huamshwa. Lakini kati ya kuona "limejaa" na kusema "simama", kadi huweza kumaliza pakiti zote, na mwamshaji akapita akikuta foleni bado haijasimama. Inasimama dakika hiyo, na hakuna atakayerudi kuiamsha. Ndiyo maana viendeshi vizuri, vikisha kusimamisha foleni, hulitazama jedwali mara ya pili.

Linux yenyewe ilijifunza polepole. Toleo la 2.0 la mwaka 1996 lilianza na kufuli moja kubwa kwa kiini chote cha mfumo, na mabaki yake yaliondolewa mwaka 2011. Kufuli nyingi ndogo huleta kasi, lakini pia mkwamo: mmoja ameshika A anangoja B, mwingine ameshika B anangoja A. Kanuni ni kuzishika kwa mpangilio uleule daima, na tangu 2006 Linux ina chombo kinachogundua mpangilio unaokiukwa.

Turudi kwenye karatasi za mtihani. Mimi ningeandika: "Kiendeshi kisilale kikiwa kimeshika kufuli la kuzunguka." Walioandika kulala hawakukosea, nashauri warudishiwe alama zao, kwa dereva wapunguziwe moja.