Kutengeneza Kielelezo kwa Skeli: Funzo Kutokana na Magari ya Mbio ya Zamani

Somo la skeli katika shule ya msingi aghalabu hufundishwa kwa ramani. Mwalimu huandika ubaoni kwamba sentimita moja ni sawa na kilometa kumi. Wanafunzi hupima mstari kati ya miji miwili, huzidisha, hupata jibu, na somo huisha. Walakini mwanafunzi yule yule akiambiwa atengeneze kiti kidogo kilicho sawa na kile anachokikalia, ila kimepunguzwa mara kumi, huleta kiti chenye miguu minene mno na mgongo mfupi, wala hana njia ya kujua kasoro iko wapi. Kuzidisha amekujua; skeli bado hajaijua.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi ya mikono ambayo, kwa maoni yetu, humfaa mwalimu-mwanafunzi kabla hajasimama mbele ya darasa kufundisha skeli. Kazi hiyo ni kutengeneza tangu mwanzo, bila vipande vilivyonunuliwa tayari, kielelezo cha gari la mbio la Kimarekani la miaka ya 1950 na 1960. Uchaguzi huu huenda ukamshangaza msomaji. Kwa nini lisiwe basi, au lori, ambavyo kila mtoto anavijua? Jibu ni kwamba basi limefunikwa. Atengenezaye basi dogo hutengeneza sanduku lenye madirisha, na ndani ya sanduku hakuna analolazimika kulifahamu. Gari tunalolizungumzia halikufunikwa kitu. Mifupa yake yote iko nje.

Mbio zenyewe zilizaliwa Kalifornia, na zilistawi baada ya Vita Kuu ya Pili. Vijana waliojenga magari yao kwa vyuma vya magari makuukuu walishindana barabarani na katika maziwa yaliyokauka, hata mwaka 1950 ulipofunguliwa uwanja wa kiingilio katika kiwanja cha ndege cha Santa Ana. Mwaka 1951 Wally Parks aliasisi chama cha taifa kijulikanacho kwa herufi NHRA, na mwaka 1955 chama hicho kilianzisha mashindano yake ya taifa huko Great Bend, Kansas. Kanuni ni nyepesi. Magari mawili husimama ubavu kwa ubavu, huondoka kwa ishara moja, na litanguliaolo kumaliza robo maili iliyonyooka, yaani takriban meta 402, ndilo mshindi. (Tangu mwaka 2008 madaraja ya juu kabisa ya NHRA hukimbia futi 1,000 tu, lakini magari ya zamani yote yalijengwa kwa ajili ya robo maili.) Kwa kuwa hakuna kona, mafundi walivua kila kisichosaidia kwenda mbele: milango, boneti, viti vya abiria, hata breki za magurudumu ya mbele. Kusimama kuliachiwa breki za nyuma, na baadaye mwavuli uliofunguka nyuma ya gari.

Aina iliyotia fora iliitwa manati. Mickey Thompson wa Kalifornia ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuijenga, katikati ya miaka ya 1950. Dereva aliondolewa mahali pake pa kawaida akawekwa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli ya magurudumu makubwa, kama jiwe lilivyokaa katika ngozi ya manati kabla ya kurushwa. Sababu haikuwa urembo. Tairi huvuta kwa kadiri linavyolemewa; basi uzito wa injini na wa mtu ulisogezwa nyuma ili magurudumu yanayosukuma yashike ardhi. Mbele palibaki mabomba mawili marefu na magurudumu membamba ya spoki, kama ya baiskeli.

Sasa tuingie katika upimaji, maana hapa ndipo penye funzo kubwa. Mengi ya magari haya yalikatwa vipande, yakauzwa au kubadilishwa miaka ile ile. Machache yametunzwa katika majumba ya makumbusho. Mtengenezaji wa kielelezo kwa kawaida hana gari la kupima, ana picha tu. Hana budi kutafuta katika picha kitu kimoja ambacho kipimo chake halisi anakijua, kisha apate vipimo vingine vyote kwa uwiano. Tuseme anajua kwamba rimu ya nyuma ina kipenyo cha inchi 16, na katika picha rimu hiyo ni milimeta 8. Kila milimeta ya picha ni inchi 2. Toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma amepima milimeta 64. Basi gari lenyewe lilikuwa na inchi 128 baina ya ekseli. Kwa skeli ya 1:25, ambayo imeenea sana miongoni mwa watengenezaji wa Marekani, kielelezo kitakuwa na inchi 5.12, yaani milimeta 130.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini si salama. Jicho likikosea nusu milimeta tu, rimu ikasomwa kuwa milimeta 8.5, umbali baina ya ekseli utatoka inchi 120.5. Nusu milimeta imekula inchi saba na nusu, takriban sentimita 19 za gari halisi. Kosa dogo katika kipimo kifupi hukua linapozidishwa ili kupata kirefu. Kwa hiyo mtengenezaji mzoefu huanza na kipimo kirefu kuliko vyote anachokijua kwa hakika, kisha hushuka kuelekea vifupi. Tunamwomba msomaji atue hapa kidogo, kwa kuwa vitabu vya darasani hupita jambo hili kimya kimya. Mwanafunzi hupewa vipimo vilivyokwisha safishwa, na hapati kamwe nafasi ya kuuliza kipimo hiki kimetoka wapi na kinaweza kuaminiwa kwa kadiri gani.

Kadhalika picha yenyewe inaweza kudanganya. Iliyopigwa kwa mshazari hufupisha urefu wa gari, na gurudumu lililo karibu na kamera huonekana kubwa kuliko mwenzake. Yafaa itumike picha iliyopigwa ubavuni kabisa, na kwa mbali.

Vipimo vikishapatikana, mchoro wa ubavuni na wa juu huchorwa kwa ukubwa ule ule wa kielelezo, hubandikwa juu ya ubao laini, na pini hupigwa kandokando ya mistari. Waya hukatwa na kulazwa katikati ya pini hizo, hivi kwamba hauwezi kuhama wakati wa kuunganishwa. Upande wa pili wa chasisi hutengenezwa juu ya mchoro huo huo, kwa kuwa pande mbili zilizokadiriwa kwa macho hazilingani hata siku moja. Kuhusu unene, tuchukue bomba la chuma lenye kipenyo cha inchi moja na nusu, yaani milimeta 38. Likigawanywa kwa 25 linakuwa milimeta moja na nusu. Watoto wetu hodari wa magari ya waya mara nyingi hutumia waya wa milimeta 4. Kwa skeli hii huo ungekuwa bomba la sentimita 10, nene kuliko mkono wa mtu mzima. Ndiyo ile kasoro ya miguu ya kiti. Watu hukumbuka kupunguza urefu, wakasahau kwamba unene nao ni urefu.

Kuunganisha kwa lehemu ya moto ni kazi ya mtu mzima, mahali penye hewa, kwa sababu lehemu nyingi zina risasi na moshi wake ni sumu. Uzi mwembamba na gundi hutosha kwa kielelezo ambacho hakitabebeshwa mzigo.

Kiti cha dereva huachwa mpaka chasisi na injini vimekaa mahali pake, na hapo mtengenezaji hugundua jambo ambalo picha haikumwambia. Mtu wa meta 1.75 anakuwa sanamu ya sentimita 7. Anapomketisha nyuma ya ekseli anaona hakuna pa kuweka miguu ila kuipitisha juu ya ekseli, mpaka nyayo zifike kando ya giaboksi na klachi, mgongoni mwa injini. Tarehe 8 Machi 1970, katika uwanja wa Lions huko Kalifornia, giaboksi ya gari la Don Garlits ilipasuka wakati wa kuondoka, ikakata gari vipande viwili na kuchukua sehemu ya wayo wake wa kulia. Garlits alikuwa bingwa aliyevuka maili 200 kwa saa mwaka 1964. Alipopona alijenga gari lenye injini nyuma ya dereva, akashinda nalo Pomona mwaka 1971, na baada ya miaka michache manati ilitoweka katika daraja lake. Mwanachuo aliyehangaika kuitafutia miguu ya sanamu nafasi haambiwi na mtu kwa nini mabadiliko yale yalikuja. Ameshayaona kwa vidole vyake.

Injini tutaieleza kwa ufupi. Iliyopendwa sana ilikuwa ya Chrysler yenye silinda nane, na juu yake kilifungwa kipulizia hewa kilichotolewa katika injini za dizeli za General Motors. Kijiti cha mbao laini, karatasi ngumu na vichwa vya pini vinatosha kuijenga. Nyaya nane za plagi hufanywa kwa uzi, na ziwe nane, si sita.

Liko swali moja linalofaa kuwekewa kipindi kizima. Ikiwa gari lina kilo 600, na kielelezo chake kingetengenezwa kwa vitu vile vile kwa skeli ya 1:25, kingekuwa na uzito gani? Wengi hujibu upesi: kilo 24. Lakini urefu umegawanywa kwa 25, upana kwa 25, na kimo kwa 25. Ujazo basi umegawanywa kwa 15,625. Jibu ni gramu 38 na kitu, pungufu ya yai la kuku. Mwanachuo akishakiweka kielelezo chake kiganjani, jibu hilo halimwonei tena kuwa mzaha.

Hatusemi kwamba watoto wa darasa la sita wajenge magari ya Kalifornia. Wao na wajenge baiskeli au mkokoteni, vitu ambavyo navyo vina mifupa wazi, na ambavyo wanaweza kuvigusa na kuvipima wenyewe kwa rula. Mwalimu achore uwanjani njia ya meta 16, ambayo ndiyo robo maili kwa skeli ya 1:25, aweke gari lake mwanzoni mwake, na awaache waitembee. Wembe na koleo avigawe kwa kuhesabu, na kwa kuhesabu avikusanye.

Kielelezo kinapowekwa kabatini pamoja na zana nyingine, kibandikwe karatasi yenye safu mbili. Katika ya kwanza viandikwe vipimo vilivyothibitishwa na mahali vilipotoka. Katika ya pili, vile vilivyokadiriwa kutoka katika picha. Safu ya pili itakuwa ndefu kuliko ya kwanza, na mkaguzi akiuliza sababu, aonyeshwe picha na rula.